Matabisi ya Maman Emérence

Hii nitakayowaandikia hamtaisadiki, na siwalaumu. Hata mimi tonton, mjomba wenu, niliyesoma mpaka karibu nimalize darasa la tano, la cinquième, niliisadiki kwa shida.

Godelive, binti ya dada yangu, alifundisha hesabu Kadutu, hapa Bukavu, miaka ile ya Zaïre. Vitabu vya shule vilisimulia treni mbili zinazokutana njiani. Treni, Bukavu, mji usio na reli hata moja! Godelive akavifunga, akapeleka batoto sokoni wajifunze kununua. Wakazoea kupapasa matako ya makopo ya kupimia, na wauzaji wakapanda kwa direkteri wa shule na hasira. Direkteri akamwambia Godelive kwamba wakirudi tena, darasa atapewa mwingine.

Huyo mwingine angerudi na treni zake. Godelive akarudi sokoni.

Alimwendea Maman Emérence, muuza maharagi aliyewashinda wote kwa sauti, akamwomba awapime batoto mbele ya direkteri. Emérence akamtazama toka kitambaa cha kichwa mpaka viatu.

“Bakikosea, hautarudia hapa na batoto yako?”

“Sitarudia. Na darasa nitaacha.”

Jumamosi Emérence akajaza makopo mawili, bei moja: batoto wachague lenye maharagi mengi. La kwanza akalipandishia mlima, akatupia na konzi ya matabisi juu, maana mutu wa Bukavu akikosa nyongeza anajiona ameibiwa. La pili akalisawazisha kwa kiganja, basi. Direkteri alikwisha kuonyesha la mlima kwa kidevu. Godelive alitamani kunong'ona. Akauma mdomo.

Mwanafunzi wake Nsimire hakuonyesha kitu. Aliomba kopo la tatu, jipya, tupu. Akamimina humo ule mlima pamoja na matabisi yake: haukufika ukingoni, kwa sababu tako la kopo la kwanza lilikuwa limegongwa kwa jiwe likaingia ndani. Akalimwaga, akamimina la pili. La tatu likajaa pomoni.

“Ninakamata hii, Maman. Ile matabisi ulitoa mu maharagi yangu mwenyewe.”

Emérence alicheka mpaka kitenge kikalegea. Akasema Jumatatu ataleta binti yake kwa mwalimu huyo, hata direkteri akatae. Direkteri akakohoa, akasema darasa linabaki kwa Godelive.

Hapo soko lote la Kadutu, watu maelfu, wakambeba Godelive mabegani mpaka ziwani, askari wakapiga tarumbeta, na mimi mbele nikiwa nime—

“Tonton, ni mimi Godelive, ninasoma nyuma yako. Balikuwa bamama batatu, na moja alikuwa anasinzia.”