Mizani ya Magome ya Mgomba

Mama yangu alifariki Alhamisi ya mwisho ya Juni mwaka huu, asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya michai ya Gesima. Tulimzika kando ya migomba yake, nyuma ya nyumba. Watu walipotawanyika niliingia jikoni kwake, nikakuta kikapu chake cha kuchumia, na ndani yake majani machache yaliyosahauliwa, yameshika joto na kuanza kuoza. Harufu ile, tamu kidogo na kali kidogo, kama chai iliyolala kwenye sufuria, ilinirudisha kwenye kibanda cha kituo cha kununulia majani, msimu mmoja wa mvua ndefu nilipokuwa bado sijaanza shule. Nilisoma hadi darasa la saba tu, na kuandika si kazi yangu. Lakini tangu mazishi nina kichefuchefu kisichotoka, wala chanzo chake si kifo. Kifo nakilia kimyakimya. Kinachonichefua kilianzia kwenye kibanda kile.

Msimu huo mama alikuwa ameteleza kwenye mteremko akiwa na kikapu kilichojaa mgongoni, akavunjika mguu. Hakuweza kuchuma. Wanawake wenzake wakaanza kumwachia watoto wao wadogo asubuhi, kwa shukrani ya ndizi au unga kidogo wa wimbi, naye akatukusanya kibandani, kwa sababu karani wa kiwanda hakufika na mizani yake mpaka alasiri. Paa lilikuwa la mabati, sakafu ya udongo, na katikati kulikuwa na meza ndefu ya kuchambulia majani. Mama aliketi juu ya kikapu alichokipindua, mguu mbovu ameunyoosha mbele, akawa anatutuma. Leteni kijiti kilichonyooka. Leteni magome makavu ya mgomba. Leteni mawe, makubwa na madogo. Kijiti alikining'iniza kwenye boriti kwa kamba ya mgomba, na kila upande akafunga kipande cha gome kilichojikunja kama sahani. Hiyo ndiyo ikawa mizani yetu. Ilikuwa ikilia kidogo inapozunguka, na sisi tuliamini inanong'ona.

Hakutuambia kwamba tunajifunza. Aliuliza tu. Jiwe hili na manyoya haya ya kuku, kipi kizito? Tukapiga kelele kwamba ni jiwe. "Na manyoya yakijaa sahani nzima?" Tukatoka mbio kuwafukuza kuku wa watu, na mwenye kuku akaja kutugombeza huku mama akicheka hadi akashika mguu wake kwa maumivu. Tulifinyanga ng'ombe kwa udongo wa mtoni na kuwapima, na yule aliyeshusha sahani kuliko wenzake ndiye aliyetengwa awe wa mahari. Jioni mikono yetu ilikuwa imekauka na kupasukapasuka kwa udongo, na nilipenda kuubandua taratibu nikiwa njiani kurudi nyumbani, kipande kimoja baada ya kingine.

Lakini mama alikuwa na sheria moja, na hiyo ndiyo iliyofanya mchezo wetu uwe mchezo. Mzazi hakumchukua mtoto wake hivi hivi. Alipotoka shambani na kikapu mgongoni, alipaswa kupanga foleni mbele ya mizani yetu kabla ya kwenda kwenye ile ya kweli, na mtoto aliyekuwa karani siku hiyo alipekua kikapu chake. Majani mawili na chipukizi, yapite. Jani kuukuu, gumu, karani alisema neno ambalo karani wa kweli alilisema na ambalo kila mchumaji aliliogopa: "Rudisha." Tulilisema kwa Kikisii, kama tulivyosema kila kitu wakati huo. Na mama mtu mzima, mgongo unamuuma, miguu imelowa, alitii. Aliinama akachambua. Wengine walijitetea. "Karani, baba yangu, nihurumie, nina watoto." Karani wa miaka minne alitikisa kichwa na kukunja uso kama mzee wa kanisa.

Miongoni mwetu kulikuwa na Kwamboka, binti wa Kerubo, jirani yetu. Kwamboka hakuwa akisema. Alisikia kila kitu, lakini neno halikumtoka, na watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba nyumba ile ina jambo. Kerubo alikuwa amempeleka kuombewa na amempeleka kwa mganga pia, na kote huko alirudi na mtoto yule yule. Siku ilipofika zamu yake ya ukarani, watoto walimcheka. "Bubu atapimaje?" Mama akawaambia macho ya Kwamboka si bubu. Ikawa kweli. Alinyoosha kidole tu, na kikapu kikarudi. Jioni ile Kerubo mwenyewe alifika wa mwisho, wingu likiwa limeshuka juu ya vilima, na chini ya kikapu chake alikuwa ameficha majani makuukuu ili uzito uongezeke. Kwamboka aliuingiza mkono hadi kwapani. Akachomoa jani moja jeusi, akaligeuza, akamtazama mama yake.

"Rudisha," akasema.

Kerubo aliketi chini pale pale kwenye udongo. Mvua ilianza kupiga mabati, na karani wa kweli akaita kwamba lori linaondoka, lakini yeye alimwaga kikapu chote na kuchambua jani moja moja kama alivyoamriwa, machozi yakimtiririka na meno yote nje. Lori liliondoka bila majani yake. Kuanzia hapo Kwamboka aliongeza maneno: lete, punguza, mbaya, jiwe, mama. Mama yangu alisema tusimshangilie, tumwachie mizani.

Wakati huo ndipo Mwalimu Yunes alipofungua chekechea ndani ya jengo la kanisa. Alikuwa msichana aliyemaliza shule juzi, ana soksi nyeupe, na ninasema kwa haki kwamba alikuwa ametumwa na watu waliotaka mema. Alikuja kibandani akiwa ameziba pua kwa leso. Akaushika mkono wangu, akauinua juu ili wanawake waliokuwa kwenye foleni wauone udongo uliokuwa kwenye kucha. "Tazameni. Huu ndio usomi? Mama Bosibori anawafuga watoto wenu kama nguruwe." Mama yangu alijibu kwamba udongo unaoshwa. Hakuna aliyecheka. Nilizitazama nyuso za wale wanawake, ambao jana yake walikuwa wakimsihi karani wa miaka minne awahurumie, na niliona wameona aibu. Wiki haikuisha, kibanda kilikuwa kitupu. Mama alinipeleka chekechea na mimi, kwa sababu sikuwa na mtu wa kucheza naye.

Huko tuliketi kwenye mabenchi ya kanisa, miguu ikining'inia, na kuimba herufi tusizozijua. Kikisii kilikatazwa. Aliyekisema alivishwa kipande cha mfupa wa ng'ombe kilichotobolewa na kutiwa kamba, na alikivaa mpaka apatikane mwingine. Mfupa ule sijawahi kuusahau. Haukuoshwa. Ulikuwa na uboho uliokauka ndani ya tundu, na kwa kuwa watoto wadogo hutia kila kitu mdomoni, ulikuwa na utelezi wa mate ya sisi sote. Ulinuka kama bucha siku ya joto. Niliuvaa, na usiku nilikataa kula kwa sababu shingo yangu ilikuwa ikinuka. Mtu aliyeziba pua mbele ya udongo wa mto ndiye aliyetuvisha kitu kile.

Siku moja Mwalimu aligawa punje za mahindi za kuhesabia. Kwamboka alizitazama zake, akaona moja iliyooza, akaisukuma mbele ya meza na kusema lile neno lake la Kikisii. Alilisema kwa sauti, akiwa na furaha, kwa kuwa alidhani ni mchezo ule ule na kwamba mwalimu naye atacheka na kutii. Alivishwa mfupa. Na kwa vile hakuongea tena, hakuwa na namna ya kumkamata mwenzake, basi mfupa ukakaa naye. Kerubo alikuja kumtoa mwishowe, lakini tayari tulikuwa tumerudi mwanzo. Kwamboka amekua, ameolewa Ekerenyo, amezaa, ana wajukuu. Husema ndiyo, hapana, asante. Zaidi ya hapo watu husema ni mpole.

Kwenye mazishi ya mama, Mwalimu Yunes, sasa ni mzee wa kuheshimika na mwenyekiti wa kamati ya wazazi, alishika kipaza sauti akasema marehemu alikuwa rafiki yake mkubwa katika malezi ya watoto. Watu wakaitikia amina. Mate yalinijaa mdomoni nikayameza, kwa kuwa sikutaka kutema mbele ya jeneza la mama yangu.

Majuzi wakaja wageni kutoka Nairobi na bango lenye rangi, kutufundisha wazazi na mabibi jinsi ya kucheza na watoto wadogo ili wajifunze. Kikao kilikuwa kanisani, jengo lile lile. Walileta vitofali vya plastiki na udongo laini wa rangi uliofungwa kwenye karatasi, unaonukia kama peremende. Binti aliyetuongoza alikuwa mwema. Alisema mtoto akishika, akipima na akiulizwa maswali, akili yake hufunguka, na kwamba lugha ya nyumbani ndiyo bora kwa mdogo. Mwalimu Yunes alikuwa kwenye kiti cha mbele, akitikisa kichwa kukubali kila neno. Binti akauliza kama sisi wenyewe tuna mchezo wowote wa zamani.

"Tunayo mingi," Mwalimu akajibu. "Hapa tumekuwa tukicheza na watoto tangu hapo."

Kwamboka alikuwa nyuma, amekuja kutembelea kwao na mjukuu wake. Alisimama akatoka nje. Nilidhani ameondoka. Aliporudi alikuwa na kijiti, kamba na vipande viwili vya gome la mgomba, akavifunga kwenye nondo ya dirisha bila kuuliza mtu. Mizani ikazunguka, ikalia. Watoto waliacha plastiki wakaizingira. "Mama, angalia sakafu, tumepiga deki," Mwalimu alisema, lakini wageni walikuwa wamefurahi, wametoa simu wapige picha, basi akainuka akaja kusimama kando ya mizani. Mpiga picha akamwomba Kwamboka asogee kidogo asizibe mwanga. Akasogea. Mwalimu akatuma mtoto nje alete majani ya chai, na mtoto akaleta konzi ya majani ya ua wa kanisa, makubwa, magumu, yenye vumbi. Mwalimu akayatia kwenye sahani, akaigeukia kamera na kutabasamu.

Kwamboka akapita mbele ya kamera. Akachukua jani moja, akaligeuza, akamtazama Mwalimu usoni.

"Rudisha," akasema, kwa Kikisii, kwa sauti iliyofika mpaka madhabahuni.

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu Yunes naye akacheka, na picha ikapigwa akiwa anacheka. Kwamboka hakucheka. Alisubiri. Alipoona hakuna anayeyaondoa, aliinamisha sahani kwa kidole, majani yakamwagika juu ya ile sakafu iliyopigwa deki.