Boksi la Nguo Lililohamia kwa Jirani

Nguo ikilala na maji ndani ya mfuko wa plastiki kwa wiki kadhaa hutoa harufu ambayo sijui kama ina jina. Si uvundo wa taka za jikoni, wala si ule ukungu wa kabati lililofungwa muda mrefu. Ni kitu kati ya maziwa yaliyoharibika na mbwa aliyenyeshewa. Juzi mwanafunzi wangu, binti wa Arusha anayesoma shahada ya pili hapa, alifungua mfuko wa namna hiyo katika chumba chetu cha utafiti chuoni, akaruka nyuma huku ameziba pua. Wenzake wakacheka. Mimi nilibaki nimesimama pale pale. Nilikuwa nimerudi utotoni, nimevaa viatu vya mvua visivyonienea, kwenye maegesho ya magari ya apatimenti zetu, mashariki mwa jiji la Saint Paul, Minnesota, karibu na mpaka wa mji wa Maplewood.

Mkiniuliza kazi yangu, nitawaambia kwamba mimi ni mwanasaikolojia na ninachunguza nguo zinazotupwa: kwa nini watu huzinunua na kuachana nazo upesi hivyo, wanajisikiaje wakishaachana nazo, na ni nani anayebaki akiishi nazo. Wengi hudhani natania. Saikolojia na matambara wapi na wapi? Basi ngoja niwaeleze ilikoanzia.

Tulikuwa wanne nyumbani: Baba, Mama, mimi na mdogo wangu Mwanaidi. Baba alikuja Minnesota kusoma, na wakati huo alikuwa anamalizia masomo huku akifanya kazi za hapa na pale. Mama, ambaye wote pale walimwita Mama Zuhura kwa jina langu, alifanya kazi hospitalini Maplewood, kuwaogesha na kuwalisha wagonjwa. Kiingereza chake kilikuwa cha kazini, kinachotosha kumwambia mgonjwa ageuke upande wa pili. Nyumbani alisema Kiswahili cha Tanga kilichonyooka, nasi watoto tukimjibu kwa Kiingereza. Hilo lilimuudhi, lakini alikuwa amechoka kuligombania.

Mbele ya jengo letu, kando ya maegesho, palikuwa na kipande cha nyasi. Ndicho kilichokuwa uwanja wetu, wa mpira, wa kamba na wa kugombana. Vuli moja lori lilikuja likashusha pale boksi kubwa la chuma, la bluu, lenye mdomo wa kufunuka. Lilikuwa la kupokea nguo za msaada. Upande mmoja lilikuwa limebonyea, kama shavu la mtu asiye na meno. Tulilifurahia sana. Siku za Jumamosi magari yalikuja, mazuri kuliko yote ya pale kwetu, wakashuka watu wenye mifuko. Nilikuwa napenda kuwatazama nyuso. Walifika wamekunja uso kidogo, kama mtu mwenye jino linalomsumbua, wakaingiza mfuko wao, mdomo wa chuma ukalia ngwaa, na walipogeuka kurudi garini walikuwa wepesi. Wengine walitupungia mkono. Mwanamke mmoja alikuwa akiondoka huku anaimba.

Kisha boksi likajaa, na lori la kulimwaga halikuja. Magari yaliendelea kuja. Mifuko ikawekwa chini, ikafunikwa na theluji majira yote ya baridi, na sisi watoto tukaifanya godoro la kurukia. Theluji ilipoyeyuka, ndipo ile harufu ilipopanda ngazi hadi ghorofa ya juu. Panya wakaja. Mwanaidi akapata upele mwili mzima, anajikuna mpaka anatoa damu. Shuleni wakamrudisha nyumbani, na muuguzi wa shule akamuuliza Mama kwa sauti ya upole kabisa kama nyumbani tuna maji ya kuogea.

Mimi ndiye niliyetafsiri swali hilo. Mama alimfunga Mwanaidi jaketi, akashukuru, tukatoka. Garini alishika usukani kabla ya kuwasha.

"Uchafu wenyewe si wetu," akasema, "lakini aibu wameshaamua iwe yetu."

Wiki hiyo hiyo meneja wa jengo akabandika tangazo mlangoni: wapangaji waache kutupa taka nje, la sivyo nyasi zitazungushiwa uzio, na atakayekamatwa mkataba wake hautaendelezwa. Baba alilisoma mara mbili. Akasema sisi ni watu wa kupita, tusijitafutie maneno. Amalize masomo kwanza, tutahama. Mama alikuwa anakaanga vitunguu, hakugeuka. Akamuuliza, tukihama sisi, Mama Kasongo naye ahamie wapi?

Mama Kasongo alikuwa jirani yetu wa chini, Mkongo mwenye sauti ya kuita watu kutoka mtaa wa pili. Yeye na Mama walielewana nusu kwa nusu, kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa kimejaa Kifaransa. Lakini siku ile walielewana kabisa. Alilitazama lile rundo, akasema, "Hapa si pubeli ya watu," akimaanisha jalala, nao wakakubaliana la kufanya.

Jumamosi iliyofuata walitoa viti vyao vya kukunja, wakakaa kila mmoja upande wake wa boksi, na chupa ya chai katikati. Mimi niliwekwa mbele kuwa mdomo wao. Gari likija, Mama alisimama, akasalimu, akaniambia niulize kwa adabu nguo zile ni za nani na hali yake ikoje. Basi. Hakumfukuza mtu. Lakini mjue kwamba ni vigumu sana kumweleza mtoto, mbele ya wanawake wawili waliovaa vitenge juu ya majaketi, kwa nini umeleta soksi zilizotoboka na shuka lenye madoa. Wengi walifungua mfuko, wakatazama ndani kana kwamba ni wa mtu mwingine, wakaurudisha garini. Wachache walikasirika. Bwana mmoja alituambia tushukuru tunachopewa. Nilimtafsiria Mama. Akaniambia nimjibu kwamba tumeshukuru, na tungependa kujua tumrudishie wapi nguo zake akikosa za kuvaa. Hilo sikulitafsiri lote.

Siku moja akaja bibi mmoja wa Kizungu, amebeba mfuko mikononi kama mtu abebavyo mtoto. Mashati yalikuwa yamepigwa pasi. Nikauliza ni ya nani. Akasema ya mumewe, aliyefariki wakati wa baridi. Nilipomwambia Mama, uso wake ulibadilika. Akasema nimwambie pole. Kiingereza hakina pole. Nikasema neno lililokaribia, yule bibi akadhani tunamwomba radhi, naye akaanza kutuomba radhi, ikawa kila mmoja anamwomba mwenzake radhi hapo kwenye baridi. Mwishowe Mama aliuchukua ule mfuko kwa mikono miwili, akamketisha kwenye kiti chake, akammiminia chai. Mashati yale yalivaliwa pale pale jengoni. Baba yake Kasongo alikwenda nayo kanisani mpaka kola zikalika.

Ikabaki ile mifuko iliyooza. Meneja alishikilia kwamba ni yetu. Mama akasema vizuri. Jumamosi moja alivaa glavu za mpira, akachukua mfuko wa kwanza, akaupeleka mlangoni pa ofisi ya meneja, akauweka chini taratibu. Mama Kasongo akafuata na wake. Wapangaji wengine wakachungulia madirishani, kisha wakashuka, hata Baba, aliyekuwa amesema hatajihusisha, akashuka na viatu vya ndani. Meneja alipofika aliukuta mstari wa mifuko, imepangwa kama shehena bandarini. Akauliza maana yake nini. Mama aliniangalia, kisha akaamua kusema mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha wodini.

Alisema, "Unasema ni zetu. Sisi tumekuletea. Sasa twende pamoja tumpigie mwenye boksi."

Walimpigia. Lori halikuja siku hiyo wala wiki hiyo. Mama alirudi ofisini kila Jumamosi na mfuko mwingine hadi meneja akawa akimwona kwa mbali anachukua simu kabla hajaulizwa. Lori likaja. Likabeba mifuko, na boksi pia. Pale lilipokuwa pakabaki mraba wa udongo usio na nyasi.

Tulipika pilau, tukala nje. Mama Kasongo alicheza. Mimi nilikimbia juu ya ule mraba kwenda na kurudi, nikijisikia kwamba ulimwengu mzima umepigwa deki. Sikumbuki kama nimewahi kufurahi namna ile tena.

Haukupita muda Mama akarudi kutoka kazini na habari. Alikuwa amepita njia nyingine, karibu na barabara kuu, na kwenye maegesho ya apatimenti fulani ameliona boksi letu. Alilijua kwa lile shavu lililobonyea. Mifuko ilikuwa imeanza kurundikana chini, na watoto walikuwa wanairukia. Pale walikaa Wakaren, watu waliokimbia vita kwao Burma, wageni zaidi yetu.

Jumamosi alichukua kiti chake. Akaniambia nivae. Nikamwambia kwa Kiingereza, kama kawaida yangu, kwamba hilo si letu tena, sisi tumeshashinda. Mama aliniinamia akanifunga kamba za viatu, ingawa nilikuwa nimeshakua mno kwa hilo.

"Tulitaka liondoke, Zuhura?" akaniuliza. "Au tulitaka lihamie kwa mwenzetu?"

Nililia njia nzima. Nilimwona ananinyang'anya ushindi wangu. Kule hawakujua Kiswahili, nasi hatukujua Kikaren. Akatokea msichana wa rika langu, Paw, aliyesoma Kiingereza shuleni. Mama aliniambia mimi, mimi nikamwambia Paw, Paw akamwambia mama yake, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo, limepungua huku limeongezeka kule. Waliongea hivyo asubuhi nzima. Wiki iliyofuata kulikuwa na viti vitatu: cha Mama, cha Mama Kasongo na cha mama yake Paw.

Ilichukua karibu mwaka. Walikwenda mikutano ya mji, wakakaa nyuma, wakajifunza mahali pa kujiandikisha ili waseme. Mwishowe mwenye boksi alikubali kuliweka kwenye mtaa wa wenye nyumba zao, huko huko magari yalikokuwa yakitokea. Mama alikuwa akipita kulichungulia. Aliniambia halijawahi kujaa. Mtu anayepita kila siku mbele ya mfuko wake mwenyewe, alisema, huufikiria mara mbili.

Swali langu la kwanza la utafiti, miaka mingi baadaye, la nani anayebaki akiishi na kilichotupwa, lilitoka hapo, na profesa wangu alilipenda bila kujua lilikotoka. Nimelifuata hadi Roseville, mji jirani na Saint Paul, kwenye maduka ya bei ya chini ambako shati hununuliwa Ijumaa na kuvaliwa mara moja. Nimelifuata hadi nyumbani Tanga, ambako marobota ya mitumba hufunguliwa na kilichooza huchomwa karibu na nyumba za watu. Nimewahoji watoaji wengi, na wote, wakinisimulia walivyojisikia baada ya kuachia mfuko, hutumia maneno yanayofanana: nafuu, usafi, wepesi.

Nilikuwa nikinakili mahojiano hayo, mchana mmoja ofisini, nilipoutambua ule wepesi. Nilikuwa nauona kwenye nyuso zao tangu utotoni nikidhani ni wa kwao peke yao. Kumbe ndio niliokuwa nao mimi siku ya pilau, nikikimbia juu ya ule udongo. Mimi nami niliona kitu kimeondoka mbele ya macho yangu, nikadhani kimekwisha. Mama peke yake ndiye ambaye hakukimbia.

Hanisimulii habari hizi. Nikizitaja husema nimekuza mambo. Lakini nimejiwekea utaratibu, na wanafunzi wangu wanaujua na wakati mwingine wanauchoka. Kampuni, au halmashauri, au mwenzetu yeyote wa utafiti akituletea habari njema kwamba mahali fulani pamesafishwa, hatuandiki kwamba tatizo limekwisha. Tunachukua gari, tunafuata lile lori.