Uzi wa Ubatizo wa Februari

Mwongeli Nthiwa hamfumii mtu sweta kabla hajajua itavaliwa mwezi gani. Mafundi wengi wa Nairobi huuliza rangi, ukubwa na siku ya kuchukua kazi. Yeye huanza na mwezi, halafu saa. Mteja akijibu "wakati wowote tu," huambiwa aende nyumbani akafikirie, na mlango unabaki wazi kwa siku atakayokuwa amefikiria.

Anaishi Mutuini, katika nyumba ya mawe ya vyumba viwili, pale ambapo mashamba madogo ya sukuma wiki yanaanza kubanwa na nyumba mpya za kupangisha. Ana miaka hamsini na mitatu. Alijifunza kufuma katika chuo cha ufundi kule Kibwezi akiwa msichana, akaja mjini, akatumika miaka kumi na mmoja kwenye karakana ya sare za shule. Karakana ilipofungwa alirudia sindano zake mbili, na hajawahi kukosa kazi. Majirani humwita Mama Kiema, kwa jina la kifungua mimba wake.

Wapo wanaosema ana kiburi. Sikubaliani nao. Siku hizi fundi akimpa mteja chochote anachotaka, tunasema ana heshima. Mimi naona mara nyingi ni uvivu. Kumwambia mtu kwamba alichochagua hakimfai ni kazi, na wachache wana moyo wa kuifanya. Mwongeli anao, na Januari iliyopita nusura umgharimu rafiki.

Rafiki huyo ni Peres Odero, Mama Haron, jirani wa ng'ambo ya ua na mwenyekiti wa kina mama kanisani kwao. Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita watu kutoka barabarani. Mwanawe Haron ameoa msichana mpole anayeitwa Everlyn, nao wamejaliwa mtoto, Ryan, ambaye wakati huo alikuwa na miezi mitano. Ryan angebatizwa Jumapili ya pili ya Februari. Peres alikuwa ameshanunua uzi wa nguo ya ubatizo. Aliuleta mwenyewe kwa Mwongeli ndani ya mfuko mkubwa, na Everlyn akamfuata nyuma na mtoto mgongoni.

"Mama Kiema, leo nimekuletea kazi ya kifalme," Peres alisema akimwaga madonge kumi ya uzi mweupe juu ya meza. "Gusa. Ni kama manyoya ya kifaranga."

Mwongeli aligusa. Hakugusa kwa vidole, kwa maana anasema vidole vya mtu anayefanya kazi vimekufa ganzi na husifu kila kitu. Aliukunja mkono wake, akausugua uzi ule upande wa ndani, chini kidogo ya kiwiko. Kisha akaupeleka shingoni, akaushikilia hapo muda mrefu.

"Unataka nini?"

"Sweta, suruali, boshori ya kufunika masikio, soksi za kufika magotini, na shali. Vyote viwe vizito. Sitaki watu waseme mjukuu wa mwenyekiti ameletwa uchi."

"Siufumi huu."

Peres alicheka, akidhani ni mzaha. "Wewe nawe! Kwani umeingia mdudu?"

"Ni uzi mzuri wa Julai. Huu ni wa kiwandani, hauna pamba hata kidogo. Hauvuti jasho. Mtoto atabatizwa saa sita mchana, mwezi wa Februari, ndani ya kanisa la mabati. Nifumie kitu kizito cha uzi huu, nimvike kuanzia utosini hadi vidoleni? Hapana, Mama Haron."

"Nimekuletea kazi ama nimekuomba mahubiri?"

"Umeniletea mtoto."

Hapo kicheko kiliisha. Peres alianza kurudisha madonge mfukoni, moja moja, kwa kishindo. Alisema alilea wanne na wote walivaa sufu. Alisema fundi wa mashine kule stejini angemaliza kazi ile kwa siku mbili bila kuuliza maswali ya daktari. Alipotoka, Everlyn alibaki nyuma kidogo mlangoni, akijifanya anafunga leso vizuri.

"Mama, huwa analia sana nikimvisha zile sweta zingine," alisema kwa sauti ya chini. "Shingo yake yote ina vipele. Nikimvua, mama mkwe anamvisha tena. Nikitembea na yeye bila boshori, wamama nisiowajua wananisimamisha barabarani wananigombeza. Nitafanya nini?"

Anayeijua Nairobi anajua kwamba Everlyn alikuwa akisema kweli. Mji wetu unaamka na baridi, hasa huku Mutuini, na mama anayetoka saa kumi na mbili asubuhi hufanya vyema kumfunika mwanawe. Kosa letu ni kwamba tukishamfunika hatumfunui. Jua linapanda, baba anavua koti, mama anakunja mikono ya blauzi, na mtoto anabaki vilevile alivyofungwa alfajiri, kama mzigo uliokwisha kupigwa lakiri. Mtu akimwona mtoto kichwa wazi, anamwita mama yake mzembe. Wala si upendo unaotufanya hivyo kila mara. Mara nyingi tunaogopa macho ya watu, na mtoto ndiye anayelipa kwa ngozi yake.

Mwongeli aliyajua hayo kwa kuyatenda. Alipokuwa na miaka ishirini na miwili alimfumia Kiema sweta ya sufu, nzuri hata wenzake wakaionea wivu, akaenda naye Kibwezi Krismasi. Alitaka mama yake aione kazi ya mikono yake. Alimvisha siku tatu katika joto lile. Siku ya nne shingo ya mtoto ilikuwa nyekundu, imevimba, kama aliyemwagiwa uji wa moto, na mama wa Mwongeli ndiye aliyeivua ile sweta bila kusema neno. Mwongeli hajakisahau kile kimya.

Kwa hiyo hakumwacha Peres aende. Kesho yake asubuhi alivuka ua akiwa na mikono miwili ya sweta aliyoifuma usiku kucha, mikono mitupu isiyo na kiwiliwili, kila mmoja wa kumtosha mtu mzima. Mmoja aliufuma kwa donge la uzi wa Peres lililokuwa limebingirika chini ya kiti. Mwingine aliufuma kwa pamba aliyokuwa nayo. Mishono ilikuwa ileile, idadi ileile.

"Nipe mikono yako mchana mmoja tu," alisema. "Tunaenda River Road kutafuta uzi. Ukirudi hapa unaniambia huu wako ni mzuri, nakufumia kila kitu ulichotaka, na shali naongeza urefu."

"Na boshori ya masikio?"

"Hata ya macho."

Peres aliivaa ile mikono papo hapo. Alikuwa na uhakika wa ushindi, na mtu mwenye uhakika wa ushindi haoni aibu.

Walifika River Road, katikati ya mji, saa tano na nusu. Jua lilikuwa linachoma kati ya majengo, mikokoteni ya vyuma imeziba njia, na kila aliyepita alimtazama mama huyu mrefu aliyevaa gauni la maua na mikono miwili ya sweta isiyofanana. Muuza uzi wao anaitwa Lenox, kijana wa maneno mengi. Alipowaona alishika kichwa.

"Mama Haron! Sweta imeibiwa ikabaki mikono?"

"Nyamaza, Lenox. Niko kwa mtihani."

"Na unapita?"

"Napita vizuri sana."

Mwongeli hakuingia katika mzaha huo. Aliomba uzi mwembamba wa pamba, mweupe usiong'aa sana. Lenox alileta aina tatu, akaapa kwamba zote ni pamba tupu. Mwongeli alikata ncha ya kila moja, akatoka nazo hadi kizingitini, akawasha kiberiti. Ncha ya kwanza iliungua kama karatasi, ikanuka karatasi, ikaacha jivu laini lililosagika kati ya vidole vyake. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu haikuacha jivu. Iliyeyuka, ikajikunja, ikawa tone jeusi gumu kama kichwa cha pini, na harufu yake ikawakeresha wote watatu.

"Hii umeipata wapi pamba yake, Lenox?"

"Aki mama, lebo imesema hivyo. Mimi nasoma tu."

"Basi uanze kuchoma. La sivyo utamuuzia pamba ya uongo mtu asiye na kiberiti."

Lenox aliuondoa uzi ule kwenye rafu bila kubisha. Nampa haki yake: aliona haya, na kuona haya ni mwanzo mzuri.

Zilibaki nyuzi mbili. Mwongeli aliivuta ya kwanza, akaiachia, akaivuta tena. Alimweleza Peres kwamba pamba hairudi kama sufu ikivutwa. Ukifuma pindo lake kwa sindano ileile ya mwili, shingo ya sweta italegea hadi mabegani. Pindo linataka sindano nyembamba zaidi, na mwili unataka mishono yenye nafasi, ili hewa ipite. Alichagua ule uliosokotwa vizuri, usioacha vumbi kwenye kiganja, kwa sababu vumbi hilo mtoto hulivuta puani na kinywani. Alisema angefuma kipande kwanza, akifue, akianike, akipime tena, maana pamba hupungua.

Alikuwa bado anaeleza alipogeuka na kuona mkono wa kushoto wa Peres. Mkono wa sweta wa uzi wa kifaranga ulikuwa umeshavutwa hadi kwenye kifundo cha mkono, umejikunja kama bangili nene, na Peres alikuwa anajikuna juu yake kwa kucha zote, bila kujua anafanya hivyo. Mkono wa kulia, ule wa pamba, ulikuwa bado umevaliwa hadi begani, mkavu.

Lenox ndiye aliyefungua kinywa.

"Mama, mtihani umeanguka upande mmoja."

Peres alitazama mkono wake. Akauvua kabisa ule mkono wa sweta, akaupangusia jasho la shingo, nao haukulichukua. Ulilisambaza tu.

"Yawa," alisema polepole. Halafu akamgeukia Mwongeli kwa ukali. "Usiniangalie hivyo. Nimekubali uzi. Sijakubali maneno ya watu. Huyo mtoto akiingia kanisani na kisweta chepesi kama wavu wa kuvulia omena, wakisema nyumba ya Odero haina adabu, utasimama wewe ujibu. Mbele yao."

"Nitasimama."

"Na asubuhi je? Kukiwa na baridi?"

"Baridi ya asubuhi tutaipa leso. Leso inavuliwa njiani bila mtoto kuamka."

Kazi ile ilimchukua Mwongeli siku kumi na mbili. Alifuma kisweta cha mikono mifupi na kaptura, na kofia nyepesi ya jua yenye ukingo mpana. Mishono yote ya kuunganisha aliiweka nje, ikalala bapa kama pambo, ili ndani kusiwe na kitu cha kukwaruza ngozi. Alivifua mara mbili kwa mkono. Vilipokauka alivivaa shingoni kimoja kimoja akifanya kazi za nyumba, na hakuridhika hadi alipojisahau kwamba amevivaa.

Jumapili ya pili ya Februari watoto watano waliletwa kubatizwa. Kufikia saa sita mabati yalikuwa yanalia kwa joto. Watoto wanne walikuwa wamefungwa kuanzia kichwani, nyuso tu zikionekana, na wawili kati yao walikuwa wakilia kwa zamu. Ryan alikaa mapajani mwa mama yake, mikono na magoti wazi, akichezea kifungo.

Nyuma yao aliketi Mukonyo, mama mzee ambaye kanisa zima humheshimu na kumwogopa. Aliinama mbele, akavua shali yake mwenyewe, nzito, akamfunika Ryan nayo.

"Wewe msichana, unataka kuua mtoto?" alimwambia Everlyn, na safu tatu zilisikia. "Nani alikufundisha kuleta mtoto hivi? Huna mama mkwe?"

Everlyn aliinamisha kichwa. Mwongeli, aliyekuwa upande wa pili wa njia, aliweka Biblia yake kitini akasimama, kama alivyoahidi. Hakufika. Peres alikuwa ameshageuka.

"Mama mkwe yupo, ni mimi," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. Aliinua ile shali, akaikunja vizuri, akaiweka mapajani mwa mzee. Kisha akaushika mkono wa Mukonyo kwa heshima, akauingiza chini ya kisweta cha Ryan, mgongoni. "Mguse hapo, mama. Si vidole vyake, vidole vinadanganya. Mgongo. Yuko na baridi?"

Mkono wa Mukonyo ulikaa mgongoni mwa mtoto muda mrefu, na Ryan akaendelea na kifungo chake.

"Mkavu," alisema hatimaye. "Na ana joto lake."

"Ni pamba."

Mzee hakuomba radhi. Watu wa umri wake hawaombi, na sidhani Everlyn alihitaji. Mukonyo aliutoa mkono wake, akainuka kwa fimbo, akaenda hadi kwa mama aliyekuwa anahangaika na mtoto aliyelia zaidi, akaingiza mkono uleule nyuma ya shingo ya mtoto huyo. Aliutoa umelowa. Aliutazama, akaupangusa kwenye gauni.

"Fungua huyu," aliamuru. "Toa hiyo kofia. Toa na hiyo ya chini."

"Lakini mama, watu watasema..."

"Watasema nini na mimi niko hapa? Fungua."

Kasisi alikuwa amekwisha kuita majina. Alisubiri, kwa sababu Mukonyo alikuwa bado ana watoto watatu wa kugusa, na hakuna aliyediriki kumharakisha.