Mdarizi, Mdogo Wake na Kompyuta Inayowaka Haraka

Kabla hajafagia duka, mdarizi anawasha kompyuta yake. Anafagia, anapangusa mashine ya kudarizi, anapanga nyuzi kwa rangi. Akigeuka, kompyuta bado inajikokota. Ng'ambo ya barabara, mdogo wake mwenye duka la kuchapa ameshamaliza na mteja mmoja, na mwingine anaingia.

"Ya yule inawaka kabla hajakaa," anasema mdarizi, macho yakiwa huko huko ng'ambo.

Kwa miaka tisa mama huyu amewalea wanawe watatu kwa nembo za sare za shule. Anazichora kwenye kompyuta, na mashine iliyounganishwa nayo kwa waya inazishona. Ndiye aliyemfundisha mdogo wake hata kushika kipanya. Leo mama yao mzazi akija kuwatembelea, anamsalimia mkubwa mlangoni, kisha huyoo, anakwenda kushinda kwa mdogo.

"Wivu ninao, nitaficha nini? Nikisikia mama anamsifia, chakula hakipiti."

Mwaka huu kompyuta yake ikaanza kuonya kuwa mfumo wake wa zamani hautapata tena marekebisho ya usalama. Fundi alimweleza taratibu kwamba kwa anayeingia mtandaoni onyo hilo si la kupuuza, lakini huenda mfumo mpya usiitambue mashine yake iliyozeeka. Akamshauri aubakishe wa zamani, ila aache kuingia mtandaoni. Nani wa kumsikiliza fundi, na mdogo mtu yuko pale anacheka na wateja? Alitaka mfumo mpya, na fundi akauweka siku hiyo hiyo.

Kompyuta ikapendeza kweli. Mashine ndiyo ikagoma. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na nembo mia nne za shule moja, kazi inayompa karibu nusu ya kipato cha mwaka, zilikuwa hazijaanza. Mwalimu mkuu akaanza kuulizia wadarizi wengine. Mama mtu naye akaja na lake: "Si ungemuuliza mdogo wako kwanza?"

Fundi alihangaika siku mbili kurudisha mfumo wa zamani, na nembo zikawahi kwa taabu. Sasa kompyuta haiingii mtandaoni, ilhali michoro ya wateja huja kwa barua pepe. Basi kila asubuhi mdarizi anavuka barabara na flashi mkononi, mdogo wake ampakulie.

"Hajawahi kunikatalia," analalamika. "Hela hachukui. Ananiita dada, ananipa heshima zote. Hapo ndipo anaponimaliza."

Anaweka akiba ya kompyuta ya pili, ya kupokelea michoro tu. Fundi anasema hata iliyotumika itatosha. Amekataa katakata, anataka mpya kuliko ya ng'ambo. Meza yake ameshaipimia mahali karibu na mlango, na pembeni ameacha nafasi ambayo wateja hawaruhusiwi kuweka hata mfuko.

"Hapo atakaa mama," anasema.