Duara Lisilo na Gichovi

Mwalimu Igoki wa Kiritiri alifundisha hesabu hata jikoni. Kila Jumamosi wanawe watatu walichora ukutani, kwa makaa, kiasi cha maji waliyoteka wiki nzima. Mama huyo alipenda wachore grafu ya duara, ionyeshe fungu la kila mmoja. Kisha malaria ikamchukua Gichovi, kifunguamimba wake.

Jumamosi baada ya mazishi, bintiye Njoki alichora duara upya. Lilijaa pomoni, mafungu mawili tu, lake na la mdogo wake Kathuri. Igoki alitafuta mahali pa Gichovi asipaone.

“Duara halina utu,” akasema, akalifuta kwa kiganja.

Akachora grafu ya pau. Nguzo mbili zikasimama. Katikati akaandika Gichovi, juu yake pakabaki patupu.

Njoki akauliza kama jina lisilo na nguzo lifutwe.

“Liguse uone,” mama yake akasema, sauti ikikatika.