Kusimama kwa Mjomba Machu

Mjomba wangu Machu alikuwa mfinyanzi wa vigae vya paa huko mjini Naha, na jioni alifundisha karate uani kwetu. Vita vilipokwisha hapakuwa na Naha wala ua. Tulibaki yeye, bibi na mimi, ndani ya hema katika kambi ya Waamerika, kaskazini mwa kisiwa chetu cha Okinawa, ambako malaria ilikuwa inamaliza watu.

Asubuhi wanaume walipanga mstari. Askari alipita akiwatazama. Aliyesimama imara alipanda lori kwenda kupakua meli, jioni akarudi na mchele. Aliyeyumba aliachwa. Sisi tulikula kwa miguu ya mjomba.

Kisha homa ikamshika na yeye. Aliamka kabla ya watu, akasimama nyuma ya hema kwa sanchin, mkao wa kwanza anaofundishwa mtoto: magoti yameingia ndani kidogo, vidole vya miguu vimeshika udongo, pumzi inatoka polepole chini ya kitovu. Kutetemeka kukaisha. Akaenda mstarini vivyo hivyo, ila mikono kaishusha, askari asije akadhani anataka ngumi. Akachukuliwa.

Jirani yetu Kamesuke akamtania. "Mwalimu, siku hizi unapigana na nani, mbu?"

"Mbu," mjomba akasema. "Ananizidi uzito."

Akaendelea hivyo, huku akikonda. Bibi alimwambia aende hema la wagonjwa, naye akauliza mchele ataleta nani.

Sanchin lazima awepo mtu wa kukukagua. Anakupiga makofi mabegani na mapajani, aone kama umesimama kweli. Neno lake halibishiwi, hata kama yeye ni mtoto na wewe ndiye mwalimu. Wanafunzi wa mjomba walikufa wote vitani. Asubuhi moja akaniita mimi.

Nikampiga mabegani. Mifupa mitupu, na ngozi inachoma. Nikampiga paja, goti likatoka. Akalirudisha upesi, akanitazama. Nilijua anataka niseme nini. Chungu chetu kilikuwa kikavu. Lakini juma lile mtu alikuwa ameanguka na gunia kule melini, wakamrudisha amefunikwa turubai.

"Sema, mwanangu. Nimesimama?"

Honi ya lori ilikuwa inalia.

"Umeyumba, mjomba."

"Piga tena."

"Sipigi. Umeyumba."

Angeweza kunisukuma kwa kidole kimoja akaenda zake. Badala yake aliniinamia, kama wanavyomwinamia mkaguzi, akakaa palepale chini. Meno yakaanza kugongana. Kamesuke alipita mbio kuelekea mstarini, akatuona, asitanie.

Lori likaondoka. Bibi alimfunika mjomba, akachukua kisu akaenda mlimani kutafuta sotetsu, mti ambao watu hula wakikosa kila kitu, na usipoulowesha siku nyingi unaua. Siku nyingi hatukuwa nazo.

Nilimshika mjomba mabega yasitetemeke. Yakatetemeka.