Likizo ya Mwalimu

Juzi, nje ya kanisa letu hapa Kiganjo, kijana mmoja alisema walimu hulipwa kwa kulala, maana kila muhula wana likizo. Nami niliwahi kuamini hivyo.

Nilikuwa mtoto, enzi za ukoloni; shule ilikuwa imefungwa kwa likizo, na mama alinipeleka kuchuma kahawa katika shamba la setla Mzungu huko Ruiru. Jua lilikuwa kali, na maganda ya kahawa yalinuka uchachu kutoka kiwandani. Mara nikamwona mwalimu wetu kati ya mistari ya mibuni, akichuma. Nilidhani amekuja kutukagua, nikajificha nyuma ya mama.

"Mwalimu, leo unasahihisha kahawa?" Mama Njoroge, mchumaji mwenzetu, alimwuliza.

"Mwacheni," mwingine akadakia. "Amezoea kukaa kivulini."

Wakati wa kupima ulipofika, nyapara alichungulia debe la mwalimu, akaona kahawa mbichi chache, akalimwaga lote chini.

"Sifuri!" alipaza sauti. "Zichague upya, ama uende nyumbani mikono mitupu."

Wanawake walicheka. Mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kuwashinda wote. Sikujua kwamba mshahara aliolipwa na misheni iliyoendesha shule yetu haukutosha hata unga, wala kwamba watoto wake walilitegemea debe lile.

Mwalimu alipiga magoti mchangani, akaanza kutenga nyekundu na mbichi. Hakuinua kichwa.

"Hicho ni kicheko cha Wanjiku wa darasa la pili," alisema polepole, kisha akaendelea kuokota.